Kabla Hujamwita Mwanamke Mwenzio Mtia Sumu



Leo sizungumzii mishono. Lasi na satini zitasubiri. Nataka tuzungumze neno moja tunalolitupa kama maganda ya chungwa, wala hatutazami limemwangukia nani. Neno lenyewe ni "katiwa sumu".

Kwa fundi wa cherehani hupita kila habari. Mmoja anapimwa, mwenzake anasubiri mkekani, simu inapitishwa mkono kwa mkono. Siku hizi kinachopitishwa sana ni vipande vya tamthilia za wake waliowaua waume zao. Kimoja ni cha Dark Angel, tamthilia ya Uingereza iliyooneshwa na ITV mwaka 2016, na mwigizaji Joanne Froggatt ndiye aliyecheza kama muuaji. Mwanamke wa heshima, gauni refu la zamani, buli la chai mkononi, anamimina taratibu. Watazamaji wanashika videvu. Kipande hakijaisha, mmoja anasema: "Kama yule wa huko chini, mumewe si hakuumwa hata siku moja?" Mwengine anaitikia. Gauni likimaliza kukatwa, mjane ambaye hata eda hajaitoa ameshakuwa muuaji.

Hilo ndilo ninalolipinga leo. Nasema wazi: tamthilia hizi zimetupa macho mabaya ya kumtazama mwanamke mwenzetu, dini yetu haituruhusu kuyatumia macho hayo, na ubaya zaidi, tukiwa tunatafuta sumu kwenye sufuria ya jirani, sumu ya kweli tunaipaka wenyewe usoni.

Kwanza tumjue huyo wa kwenye tamthilia

Simtetei muuaji. Mary Ann Cotton alikuwepo kweli, si hadithi ya kutunga. Alizaliwa mwaka 1832 kaskazini mwa Uingereza, kwenye vijiji vya wachimba makaa ya mawe. Aliolewa na wanaume wanne, na wa mwisho alimuoa hali hajaachana na wa tatu. Watatu kati yao walikufa, na watoto wengi waliopita mikononi mwake walikufa pia, tena kwa ugonjwa wa tumbo. Mume wa tatu, James Robinson, alistaajabu kwa nini mke anamshikilia akate bima ya maisha. Akakataa, akamfukuza, na yeye ndiye aliyebaki hai.

Mwaka 1872 alikufa mtoto wa mumewe, Charles Edward, wa miaka 7. Daktari alikuwa ameweka mabaki ya tumbo la yule mtoto, yakapimwa, ikaonekana arseniki. Mary Ann akashitakiwa kwa kifo hicho kimoja, akanyongwa jela ya Durham tarehe 24 Machi 1873.

Lakini angalieni jambo moja ambalo mwenye kupitisha kipande cha dakika mbili hakuelezi. Mjini maneno yalikuwa mengi, watu walihesabu maiti hata wakafika ishirini na zaidi. Mahakama haikumhukumu kwa hesabu hiyo. Ilimhukumu kwa kifo kimoja kilichopimwa. Kipimo ndicho kilichotenganisha porojo na ushahidi. Sasa sisi tumechukua buli la chai, tukaacha kipimo.

Na huyu je, hamjaoneshwa?

Miaka 16 baadaye, mjini Liverpool, palikuwa na mke mwengine, Florence Maybrick. Huyu kisa chake nakieleza kwa urefu, maana ndicho kinachotuhusu.

Florence alikuwa Mmarekani, mzaliwa wa Mobile, Alabama. Mwaka 1880, akiwa kigori cha miaka 17, alikutana melini na James Maybrick, mfanyabiashara wa pamba aliyemzidi zaidi ya miaka ishirini. Mwaka uliofuata wakaoana. Kwa nje ilikuwa nyumba ya watu: watumishi, watoto wawili, wageni. Kwa ndani James alikuwa na mwanamke mwengine tangu kabla ya ndoa, na alikuwa na mazoea mengine ya ajabu: akila arseniki kwa hiari yake. Wakati ule wanaume wa huko waliitumia kidogo kidogo kama dawa ya nguvu. Mwenye duka la dawa alieleza hadi mahakamani kwamba James alikuwa mteja wake wa dawa ya namna hiyo.

Florence naye alitoka nje ya ndoa, na bwana mmoja jina lake Alfred Brierley. Hilo ni dhambi na sitalipaka rangi. Kisha mwezi wa Aprili 1889 akanunua makaratasi ya kuulia nzi, yaliyokuwa na arseniki, akayaroweka kwenye maji. Yeye alisema alitaka maji hayo ajitengenezee dawa ya uso, kabla ya kwenda kwenye sherehe. Mwezi huo huo James akaugua tumbo, na tarehe 11 Mei 1889 akafa. Yaya wa nyumba alikuwa ameshaifungua barua ya Florence kwa yule bwana. Kuanzia hapo kila mtu nyumbani alikuwa na hakika.

Kipimo kilisema nini? Ndani ya mwili wa James ilikutwa arseniki kidogo, chini ya kile kinachohesabiwa kuua mtu. Kwa mtu aliyekuwa akiila kila mara, ajabu ingekuwa isingekutwa. Madaktari walibishana mbele ya mahakama: hawa wanasema sumu, hawa wanasema ugonjwa wa tumbo. Florence mwenyewe hakuweza kutoa ushahidi kwa kiapo, maana sheria ya Uingereza ilimnyima mshitakiwa haki hiyo mpaka mwaka 1898. Mahakama ya rufaa ya jinai nayo haikuwepo mpaka mwaka 1907. Jaji, James Fitzjames Stephen, alipofanya majumuisho aliuzungumzia sana uzinifu wake. Baraza la wazee, wote wanaume, likarudi chini ya saa moja: ana hatia. Akahukumiwa kunyongwa.

Nchi nzima ikagawanyika, serikali ikambadilishia ikawa kifungo cha maisha. Akakaa gerezani mpaka mwaka 1904. Watoto wake hakuwaona tena. Alikufa Marekani mwaka 1941, kizee fukara, anaishi peke yake na paka. Yule jaji aliacha kazi mwaka 1891 kwa sababu akili zake zilikuwa zimechoka.

Mimi sijui kusoma moyo wa maiti. Ila najua kupima, ndiyo kazi yangu, na najua mtu anapokata kitambaa bila ya kupima. Florence alihukumiwa kwa dhambi moja akabebeshwa nyengine. Alizini, basi ameua. Nani kasema mzinifu lazima awe muuaji? Na mbona uzinifu wa James haukuhesabiwa kuwa dalili ya kitu chochote?

Woga ule haukuanza kwa Florence. Mwaka 1851 Bunge la Uingereza lilipotunga sheria ya kuuza arseniki, lilikuwepo pendekezo kwamba mwanamke asiuziwe kabisa. Liliachwa, alhamdulillahi, lakini liliwahi kuandikwa. Mwanamume akinunua sumu anaua panya. Mwanamke akinunua anaua mume. Hii ndiyo akili inayorudi kwetu leo kupitia kioo cha simu, nasi tunaipokea kwa mikono miwili kama sinia la haluwa.

Na hapa kwetu tunacho chetu

Msidhani haya ni ya Wazungu tu. Zanzibar nayo ina kisa chake cha sumu cha miaka ileile, na kila anayekisimulia hukisimulia kwa hakika ambayo sijui kaitoa wapi.

Tarehe 25 Agosti 1896, Sayyid Hamad bin Thuwaini, Sultani wa Zanzibar, alifariki ghafla. Kabla jua halijazama, binamu yake Sayyid Khalid bin Barghash alikuwa ameshaingia kasri na watu wake. Waingereza hawakumtaka. Wakampa mpaka saa 3 za asubuhi ya tarehe 27 ashuke. Hakushuka. Meli zikapiga kasri kwa kiasi cha dakika 38, watu wapatao 500 upande wake wakauawa na kujeruhiwa, akawekwa Sayyid Hamoud bin Mohammed. Khalid akakimbilia ubalozi wa Wajerumani, wakamtoa kwa meli yao hadi Dar es Salaam.

Maneno ya kwamba Khalid ndiye aliyempa sumu Sayyid Hamad yalianza siku hizo, na yanaendelea mpaka leo kwenye kila video inayoeleza vita vifupi kuliko vyote duniani. Ushahidi uko wapi? Haukuwahi kuthibitishwa. Hakuna mahakama iliyokaa ikasikiliza shauri la sumu dhidi yake. Kilichopo ni kwamba mtu alikufa ghafla na mwengine akafaidika. Hiyo ni dhana, na aliyenufaika na dhana hiyo naye anajulikana.

Khalid aliishi na jina hilo. Wajerumani walimhifadhi, Waingereza wakamkamata mwaka 1916, wakampeleka uhamishoni Ushelisheli na St Helena, kisha akaruhusiwa kurudi huku, akafia Mombasa mwaka 1927. Yeye alikuwa mtoto wa mfalme, alikuwa na pa kukimbilia. Mjane wa kijijini anakimbilia ubalozi gani? Yeye neno likimuangukia, linamfuata kisimani, dukani na hata kwenye posa za binti zake.

Kasa wa Panza

Sasa nitasogea karibu zaidi. Machi 2024, kisiwani Panza, hapa hapa wilaya yetu ya Mkoani, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Wengine 78 walilazwa. Allah awarehemu waliotangulia na awape subira wazazi wao. Na miaka mitatu nyuma, Novemba 2021, watu 7 walifariki Pemba kwa sababu ileile.

Nyama ya kasa, wakati mwengine, inakuwa na sumu. Wataalamu wanadhani inatokana na mimea ya baharini anayokula. Huwezi kuionja wala kuinusa, na kuipika hakuitoi. Watoto ndio huathirika zaidi.

Msiba ule ulikuwa wa kijiji kizima, ndiyo maana kila mtu alielewa. Lakini nakuulizeni, kwa haki ya Mungu: lau kama kasa yule angeliwa nyumba moja tu, na aliyepika ni mama wa kambo, na waliokufa ni watoto wa mke wa mwanzo, tungesema kasa? Wallahi tungesema "kawamaliza watoto wa mwenzake". Na tungelisema hilo kabla udongo haujakauka.

Arseniki ndivyo ilivyowahadaa madaktari wa zamani, maana inatapisha na kuharisha kama kipindupindu, wakawaandikia watu ugonjwa hali wametiwa sumu. Sisi tunafanya kinyume chake. Mtu anapata kipindupindu, presha, moyo, sukari, chakula kilicholala, nasi tunamwandikia sumu. Kosa ni lile lile, la kusema bila ya kupima.

Dini imesemaje

Suratul Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha tukijiwa na habari tuihakikishe kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Aya ya 12 imetukataza dhana nyingi, na upelelezi, na kusengenyana. Aya hizi tunazijua, tunazisomesha watoto chuoni. Je, tunaziweka wapi simu ikifika?

Na someni tena Suratun Nur, habari ya Mama yetu Aisha, Allah amridhie. Mwanamke aliyechelewa msafara kwa sababu ya kutafuta kidani, watu wakakaa karibu mwezi mzima wakimtafuna. Allah mwenyewe akamsafisha, na akawalaumu waumini kwa nini waliposikia hawakuwadhania kheri wenzao. Sura hiyo hiyo imeweka mashahidi wanne kwa mwenye kumtuhumu mwanamke mtakatifu zinaa, na asiyewaleta anapigwa mijeledi themanini na ushahidi wake haukubaliwi tena. Hiyo ni kwa zinaa. Kumtuhumu mtu kuua nafsi ni jambo dogo zaidi ya hilo? Basi mbona tunalisema tukila maandazi?

Najua nitakavyojibiwa

Mmoja atasema: "Fundi, ni tamthilia tu, watu wanajiburudisha." Sawa. Tamthilia ikibaki kwenye kioo sina ugomvi nayo. Ila haibaki. Nimewasikia wanaomfunda mwari kwa mifano ya tamthilia. Mwari anaambiwa: ukweni usile cha mtu, chai ya wifi usiinywe, mke mwenzio akikuletea sahani mpe paka kwanza. Binti wa miaka 20 anaingia nyumba ya watu na roho juu. Mama mkwe kamkaangia samaki kwa mapenzi, yeye anasema ameshiba. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mama wa watu anaelewa. Hapo ndipo ndoa inapotiwa sumu, na aliyeitia ni yule aliyepewa kazi ya kumtengeneza mwari.

Mwengine atasema: "Lakini wauaji wapo." Wapo, wanaume na wanawake, na nimeshakutajieni mmoja aliyenyongwa. Ndiyo maana nasema mwenye shaka ya kweli aende mahali pa kweli. Kama kifo kina utata, kipo kituo cha polisi, ipo hospitali, upo uchunguzi wa maiti, na Zanzibar tunaye Mkemia Mkuu wa Serikali mwenye maabara ya kupima. Mwenye shaka akaogopa kwenda huko lakini haogopi kulisema kwenye hitma, huyo hatafuti haki ya maiti. Anatafuta utamu wa mdomo. Na kama kweli pana muuaji, porojo ndizo zinazomsaidia, maana maiti inazikwa bila kupimwa na maneno hayafikishwi popote.

Wa tatu atasema: "Wewe unajifanya mtetezi wa wanawake." Mimi nawatetea wanawake dhidi ya wanawake. Wengi wa wanaolisema neno hili ni sisi.

Sumu yenyewe iko kwenye pochi

Rudini kwa Florence na makaratasi yake ya nzi. Watu wengi hawakuamini maneno yake, wakasema nani ajipake sumu usoni? Lakini wanawake wa Uingereza wa zama zile walijipaka kweli. Arseniki iliuzwa kama dawa ya kung'arisha uso, hata vidonge vyake vilitangazwa magazetini, uvimeze uwe mweupe. Na sisi mafundi tuna la kujifunza hapo pia: ile rangi ya kijani kibichi iliyopendwa kwenye magauni na maua ya bandia ya kichwani ilitengenezwa kwa arseniki. Mwaka 1861, London, alikufa msichana wa miaka 19, Matilda Scheurer, ambaye kazi yake ilikuwa kunyunyiza vumbi hilo la kijani kwenye majani ya bandia. Mabibi wakavaa mashada, yeye akavuta vumbi. Hata kesi ya Mary Ann Cotton, wakili wake alijitetea kwamba yule mtoto alivuta sumu ya karatasi ya ukutani yenye rangi hiyo. Mahakama haikukubali, lakini hakuna aliyecheka, kwa kuwa kila mtu alijua rangi ile ina nini.

Tunawacheka? Tusiwacheke. Fungueni pochi ya bi harusi wetu wa leo.

Humo mna mkorogo. Krimu za kujichubua, nyengine zina haidrokwinoni, nyengine zina zebaki. Zebaki inadhuru figo na mishipa ya fahamu. Haimdhuru aliyejipaka peke yake: inashika taulo, mto na mikono, na mtoto anayekumbatiwa naye anapata fungu lake. Mataifa yamekubaliana kupitia Mkataba wa Minamata, na Tanzania imo, kuzuia vipodozi vya zebaki. Bado vinauzwa, vimefungwa vizuri, na shangazi ndiye anayemnunulia mwari, "angae siku ya shughuli".

Humo mna piko. Hina ya majani haitoi rangi nyeusi. Inatoa rangi ya chungwa inayokolea kuwa nyekundu ya kahawia. Ule weusi wa dakika kumi ni rangi ya nywele, na kemikali iliyomo humo haikuwekwa kwa ajili ya ngozi. Wapo wanaopata malengelenge na makovu yenye umbo la ua lile lile walilochorwa, na mwili ukishaikataa kemikali hiyo, huikataa umri mzima.

Na humo, mashoga, mna limbwata. Hapa nasema kwa ukali. Mnaogopa mke mwenza atatia kitu kwenye chakula, halafu nyinyi wenyewe mnanunua unga usiojulikana asili yake, mnautia kwenye chai ya mume ili asione mwengine. Ushirikina wake peke yake unatosha kukuteketeza akhera. Lakini hata hapa duniani: ukimlisha mtu kitu bila ya ridhaa yake na hujui ni nini, akifa, utamwambia nini polisi? Kwamba ulikuwa unampenda?

Muone basi jinsi tulivyogeuza mambo. Mjane asiye na hatia tunamtazama mikono, na aliyetuuzia zebaki tunamwekea oda ya mwezi ujao.

Tufanye nini

Kwa wenye shughuli zinazokuja, mambo ya kushika ni machache:

Krimu isiyo na orodha ya viambato, wala jina la mtengenezaji, iacheni dukani. Mkiona neno mercury au calomel kwenye pakiti, iacheni. Ikikwambieni msiiguse na dhahabu, fedha au bati, jiulizeni: kitu kinachokula dhahabu kitakifanya nini kitumbo cha mimba yako? Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar upo, mkiona cha mashaka wapelekeeni.

Rudini kwenye singo. Liwa ya kusaga kwenye kijiwe, mawaridi yaliyokaushwa, karafuu zetu za Pemba, mrehani, asumini. Bibi zetu walitoka ndani wananukia na ngozi zao ni zao. Hina iacheni iwe hina, ipakeni usiku mbili mkitaka ikolee.

Makungwi, na nyinyi masomo, mfundeni mwari kula cha ukweni kwa bismillahi. Mfundeni kupika na wifi yake chungu kimoja. Mkitaka kumfundisha tahadhari, mfundisheni kusoma pakiti.

Na kwetu sote: mtu akifariki, sema inna lillahi wa inna ilayhi rajiuun, kisha nyamaza. Ukiona kinachotisha, kipeleke panapohusika kwa jina lako na kwa hofu ya Mungu. Kama huwezi kukisema mbele ya kadhi na hakimu, basi hukijui. Na anayekitaja mbele yako mkatize. Mimi kibandani kwangu nimeshaweka sheria: anayetaka kupimwa apimwe, anayetaka kumzika mjane mzima mzima akashonewe kwengine. Wateja wawili wamenuna. Riziki ni ya Allah.

Yule mjane wa huko chini, siku eda yake ikitoka, atahitaji nguo. Nimemwekea kitambaa. Mwenye kutaka kumchangia baibui anajua nilipo, na mwenye kutaka kumpelekea chakula ampelekee, kisha akae naye chini ale kwenye sahani hiyo hiyo.

Allah atusafishe ndimi zetu, azihifadhi nyumba zetu na awape maharusi wetu ndoa zenye utulivu na mapenzi. Amin.

Wabillahi tawfiq.